Nchi ya Angani Haisomwi na Mtu Mmoja

Kitabu cha njozi ukikisoma peke yako, umekisoma nusu. Chukua Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951: nchi inayoelea angani, na mshtakiwa Karama akijitetea barazani kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Hadithi yenyewe imesimama juu ya msemaji na wasikilizaji, ndiyo maana kitabu hunoga wapenzi wake wakikizunguka pamoja; huyu anasoma kwa sauti, yule anamkatiza: kwa nini kila mjumbe anarudi na habari za manufaa kisha anaishia gerezani? Wapo wanaosema mabishano huharibu njozi, kwamba kila msomaji aachiwe picha yake kichwani. Nawaelewa, hasa kama walikutana na kitabu hiki kwa ajili ya mtihani tu. Lakini picha isiyohojiwa hufifia upesi. Mwenzako akishikilia kwamba Majivuno, yule waziri anayemshtaki Karama, ni mwoga kuliko alivyo katili, huna budi kurudi ukurasani kumpinga, na huko unakuta sentensi nzima uliyoiruka.