Msala wa Misali

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa bara na bahari. Rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baad. Magharibi ya Pemba kipo kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Wazee wa huko wamepokea kuwa Nabii Hidhri alifika hapo, akawataka wavuvi msala wa kusalia. Walipokuwa hawana, alisema kisiwa chenyewe ndicho msala wake, kwani kimeelekea kibla. Habari hii ni ya wazee, si Hadithi. Lakini mna mafunzo ndani yake. Hapana Mwislamu atupaye uchafu juu ya msala wake. Na Mtume (s.a.w.) amekwisha kufahamisha kuwa amefanyiwa ardhi yote kuwa msikiti na twahara. Basi msala si Misali peke yake.

Tangu mwaka 1998 kisiwa hicho na bahari yake vimewekewa hifadhi. Kasa hupanda pwani yake usiku, huchimba mchanga, na hutaga mayai yapatayo mia katika shimo moja. Kasa hukaa miaka 20 na zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza. Lakini mfuko wa plastiki uliotupwa mtaani huchukuliwa na mvua hadi baharini, ukaelea mfano wa konyeza. Kasa huumeza, utumbo ukaziba, naye hufa kwa njaa na tumbo limejaa. Ikiwa mwanamke aliadhibiwa kwa ajili ya paka mmoja aliyemfunga asimlishe wala asimwachie, na mtu mwingine alisamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, nani atakayesema jambo hili ni dogo?

Husemwa: "Bahari ni kubwa, kifuko kimoja kitadhuru nini?" Jawabu yake ni kisa cha Saad bin Abi Waqqas. Mtume alimwona akitawadha kwa maji mengi, akamkataza israfu. Saad alipouliza kama katika udhu nako mna israfu, alijibiwa kuwa imo, hata kama yuko katika mto upitao. Mto haupungui kwa teko la mtu mmoja. Basi katazo halikupimwa kwa wingi wa maji, limepimwa kwa mkono uyatekao. Mkono uliozoea kupoteza penye wingi hautajizuia penye uchache.

Na mvuvi husema: "Watoto wana njaa." Neno hili ni zito, na Sheria haimdharau mwenye dhiki. Lakini baruti si riziki. Huua vidagaa pamoja na wakubwa, na huvunja matumbawe yaliyo nyumba ya samaki. Apigaye baruti hula leo chakula cha wanawe wa kesho na cha jirani yake pia. Na Mtume amekataza watu kudhuriana. Naye anunuaye samaki huyo hali anajua, akiona mifupa imevunjika ndani ya nyama nzima, amemsaidia katika dhambi.

Kenya mwaka 2017, na Tanzania Bara mwaka 2019, serikali zilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Hukumu hiyo ni njema, lakini askari huona soko, haoni moyo. Basi Mwislamu na achukue kikapu aendapo sokoni. Na atawadhe kwa maji ya kumtosha. Na aache mayai ya kasa, na nyama yake pia, ambayo kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Imamu Shafi imeiharimisha. Na aonapo taka njiani aiokote, kwani kuondoa udhia njiani ni tawi la imani.

Mwenyezi Mungu awajaalie waja wake kuwa waaminifu juu ya amana yake, siku ambayo kila mwenye haki atapewa haki yake, hata asiyekuwa na ulimi wa kuidai. Amin.