Bingwa wa Bao, Teremka Uketi Chini

Ninyi mnaokaa barazani kisiwani Juani jua likishapinda, bao katikati, komwe zikigongana mashimoni, waadhi huu ni wenu. Nyuma ya mabega yenu amesimama kijana anayetaka kutunga mchezo wake mwenyewe. Akithubutu kufungua kinywa, mnamjibu kwa sauti moja: "Nifunge mimi kwanza, ndipo uje kutunga." Mnacheka, mnarudi kwenye kete zenu. Jibu hilo limejaa kiburi, na leo nasimama kulipinga.

Nasema, kufunga watu si shahada ya kutunga mchezo! Na ninyi msiojua kucheza msishangilie mapema, maana kutojua nako si shahada. Nasema na wote, ila bingwa atasikia makali zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyejaaliwa kingi.

Heshima yake siiondoi. Mashimo 32, kete 64, na mkono mmoja wa kete unaweza kuzunguka, ukala, ukazunguka tena, hata mtazamaji akapoteza hesabu huku bingwa keshaona pa kuishia kabla hajainua kidole. Mholanzi Alex de Voogt alifunga safari hadi Unguja, akawafanya mabingwa wa bao kuwa somo la tasnifu yake ya udaktari aliyoitoa Leiden mwaka 1995. Vichwa vilivyokuwa vikionekana vimekaa tu kibarazani vikaingia kwenye vitabu vya chuo kikuu. Wanastahiki.

Lakini kichwa hicho kimefundwa kazi gani? Kimefundwa kumfungia mwenzake milango. Miaka yote bingwa amejifunza kuuona udhaifu wa aliyeketi mbele yake na kuutumia. Raha yake kuu ni kumfunga mtu mkononi, kete bado zimo kiganjani hata hazijamalizika kuingizwa ubaoni, watazamaji wakapiga kelele na aliyefungwa akainuka akijifuta mchanga. Hiyo ni kazi halali ya mchezaji. Mtunzi ana kazi nyingine kabisa: kumpenda yule atakayefungwa. Anatakiwa aulize, huyu akiinuka hapa, atarudi kesho? Bingwa hajawahi kuulizwa swali hilo, wala halimnyimi usingizi.

Tazameni nyumba, enyi watu wangu. Shimo lile la mraba kwenye safu ya mbele. Mnaanza na kete 6 humo, 2 na 2 katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mmezishika mkononi. Mwanagenzi akiketi hajui kitu, hajui shimo la kichwa wala la kimbi, lakini nyumba anaielewa papo hapo: hii yangu, niilinde. Amekula, akasambaza, kete ya mwisho ikadondoka ndani ya nyumba yake. Sasa anaulizwa: unalala hapo, au unazichota kete zake unasafiri? Hawezi kupiga hesabu ya mzunguko wa pili, na hata hivyo uamuzi wa kweli umo mikononi mwake, uamuzi unaomfanya moyo umwende mbio. Bingwa naye huliangalia shimo lile lile, akaona kafara. Anajua siku ya kuiacha nyumba iliwe ili avune mara mbili upande wa pili. Shimo moja linawalisha watu wawili wasiolingana! Aliyelibuni jina lake halikubaki, na mimi nasema yeye alikuwa mtunzi kuliko mabingwa wote waliomfuata, kwa sababu aliwafikiria wawili kwa wakati mmoja.

Sasa linganisheni na kutakasia. Umeshindwa kula, unatakata, yaani unasambaza kete bila kula, na ukitakata kwa namna ambayo mwenzako naye hawezi kula, huku shimo lake moja tu ndilo lililo hatarini, basi shimo hilo limetakasiwa: haruhusiwi kuanzia hapo kutakata ili kuziokoa kete zake. Halafu yanafuata masharti yake. Nyumba haitakasiwi. Shimo lililobaki peke yake na kete kwenye safu ya mbele halitakasiwi. Nayo mengine, ambayo hata mabarazani watu hushikana mashati kwayo. Sheria hii inanukia mabingwa, watu waliochoka kuona windo likiponyoka. Ni sheria nzuri, inaunoa mchezo wa wakubwa. Lakini nionyesheni mtoto mmoja aliyelipenda bao kwa ajili ya kutakasia!

Hapo ndipo bingwa anapokosea akishika kalamu. Mpeni mchezo autengeneze, ataongeza sheria. Kila kinachomkera ataongezea sheria, na kila sheria itakuwa ukuta mwingine kati ya ubao na mgeni. Bahati ataifukuza kwa sababu bahati humwibia haki yake. Ujinga wa mwanagenzi hataukumbuka tena. Ameuvua zamani, na nguo iliyovuliwa zamani hivyo mtu hajui hata ilikuwa ya rangi gani.

Wala hili si la pwani yetu tu. Emanuel Lasker, Mjerumani, alishika ubingwa wa dunia wa sataranji tangu 1894 hadi 1921, na hakuna aliyeushika kwa muda mrefu kama yeye. Mwaka 1911 alitoa mchezo wake, Lasca. Alichukua drafti hii hii mnayocheza kwa vifuniko vya soda, akaigeuza: kete iliyoliwa haitoki ubaoni, inabebwa chini ya ile iliyoila, na siku moja yaweza kukombolewa. Fikra ya ajabu! Na ni nani kati yenu aliyewahi kuisikia? Aliyempokonya taji, Capablanca wa Kuba, akalalamika kwamba mabingwa wamejuana mno, kila mchezo utaishia sare. Akapendekeza ubao wa sataranji upanuliwe na kuongezwa kete mbili mpya. Malalamiko yalikuwa ya bingwa, na dawa ilikuwa ya bingwa. Watu wa mtaani, ambao sare haikuwa imewachosha, waliendelea na ubao wao. Bobby Fischer naye, bingwa mwingine wa sataranji, mwaka 1996 mjini Buenos Aires alitangaza sataranji inayoanza kwa kuchanganya safu ya nyuma, mipangilio 960. Hiyo imeishi, hata shirikisho la dunia likayatambua mashindano ya ubingwa wake mwaka 2019. Lakini imeishi kwa kina nani? Kwa waliokwisha kukariri mianzo yote na kuchoka nayo.

Upande mwingine, Klaus Teuber alikuwa fundi wa meno bandia. Michezo yake aliijaribia nyumbani, na mkewe na watoto, na mwaka 1995 mmoja wao, Catan, ukatoka ukazagaa duniani. Hakuja na taji. Alikuja na meza yenye watu wasiofanana.

Najua mtaniambia: vipi Rob Pardo, Mmarekani, mchezaji mkali wa mchezo wa kompyuta wa StarCraft, aliyekuja kuwa mtunzi mkuu wa mchezo mwingine, World of Warcraft, uliotoka 2004? Nakubali, tena kwa furaha, maana ushahidi huo unanisaidia mimi. Mchezo wake uliingiwa na mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kushinda kitu chochote maishani mwao. Mtu mkali aliteremka. Ndilo ninalolitaka kwenu, silo jingine!

Na hamna haja ya kwenda Marekani kuliona. Bao la kujifunza ni nini? Mashimo yote 32, kete 2 kila shimo, hamna ya kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi, mnaingia moja kwa moja kwenye mtaji. Ubao ule ule, komwe zile zile, safu nne zile zile. Mtoto anacheza hata kwa vishimo vya mchangani kwa kokoto. Mtu aliyelijua bao la Kiswahili mpaka kwenye mifupa aliketi akaliwekea ngazi, naye alikubali kuonekana anacheza mchezo wa watoto. Bila yeye mabingwa wa leo wangetoka wapi?

Mnaijua hadithi ya Kua. Magofu yako hapo kwenu, yamekumbatiwa na mizizi. Kabla Wasakalava hawajaja kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 na kuuvunja mji, wazee wanasimulia, ulikuwapo ugomvi kati ya Kua na mji wa Kisimani. Watu wa Kisimani walishua jahazi lao juu ya miili ya watoto wa Kua. Kua wakanyamaza, wakasubiri. Kisha wakawaalika Kisimani arusini, wakawaandalia karamu katika chumba cha chini ya ardhi, na wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, mpaka wamebaki wageni peke yao na mlango ukajengwa ukuta. Mchezo aliotunga bingwa kwa ajili ya mabingwa ni karamu hiyo! Mgeni anakaribishwa kwa maneno matamu, sheria zinamzunguka, na anayejua njia ya kutokea ni mwenyeji tu.

Basi tungeni mchezo wenye mlango. Na mnavyo vya kutungia, tele! Ninyi mnaishi kwa bamvua na maji mafu. Mnajua siku ambayo mwamba unakauka na kina mama wanateremka na vijiti kutafuta pweza, na siku ambayo bahari imekaa tu, haijai sana wala haipwi sana. Kwa nini ubao usiwe na safu inayokauka na kufunikwa? Kwa nini kete iliyoachwa shimoni isikue, kama pweza anavyokua mwamba ukipumzishwa? Huko Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004 wavuvi walianza kuufunga mwamba kwa miezi michache ili pweza wanenepe, na tangu hapo mbinu hiyo imefika visiwa vyetu pia. Humo mna mchezo mzima: nikiwahi nitakula kidogo, nikingoja wewe utaniwahi, na tukiwa walafi wote wawili tunalala njaa. Bingwa atanung'unika kwamba hapo hakuna wa kufungwa. Mwacheni anung'unike, kisha mwulizeni: je, mlafi akitaka kushinda, atapitia wapi? Atanyamaza kidogo, na macho yatamwaka.

Kuhusu bahati. Dadu wengi wenu hamuigusi, na wanavyuoni wameshasema la kusema. Msiilete. Lakini mchezo usio na lisilojulikana humwua mnyonge mapema, kwa kuwa anayeona mbali ataona mpaka mwisho. Kuna njia safi: kila mmoja afiche komwe ngumini, wafumbue pamoja, na jumla yao ndiyo iseme kama maji yanajaa au yanakupwa. Hakuna aliyerusha kitu. Kila mmoja amechagua, na bado hakuna aliyejua. Hapo mjukuu anaweza kumshinda babu kwa kumsoma uso, elimu ambayo watoto wanayo mapema kuliko hesabu.

Na waiteni wanawake, maana baraza la bao limekuwa la wanaume mno. Anayeujua mwamba kwa nyayo zake, shimo gani pweza hurudi na shimo gani hulala tupu, ndiye atakayekuambia kama sheria yako ya maji ni ya kweli au umeiokota kichwani. Usimketishe pembeni kama shahidi. Mpe kete.

Ewe kijana, nawe sikia. Usije ukayachukua maneno yangu ukaukimbia ubao. Cheza! Fungwa mpaka uchoke, halafu ukumbuke ulivyochoka. Hiyo ndiyo mali ambayo bingwa ameipoteza na wewe bado unayo. Andika kwenye daftari, leo hii, mahali gani ulitaka kuinuka na kwenda zako. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Nawe bingwa, kazi yako nimekuwekea, na ni kubwa. Wakishacheza watoto, wakishacheza kina mama, kijana akishafuta na kuandika upya, ndipo uitwe. Keti uuvunje mchezo. Tafuta ile hila moja inayoshinda kila mara, maana hakuna mwingine kijijini mwenye jicho la kuiona, na mchezo wenye hila hiyo utakufa ndani ya mwezi mmoja. Ukiipata, usiifiche ukaanza kuwafungia watu nayo! Isimulie palepale, mtunzi akiwa amekaa, watoto wanasikia. Kisha uuzuie ulimi wako usipendekeze sheria ya kuiziba. Mwachie yeye azibe. Akiziba vibaya, vunja tena.

Na ubao usichongwe bado. Chimbeni vishimo mchangani, okoteni komwe, na mumwachie mwenye shoka na patasi aendelee na kazi zake mpaka mtoto asiyejua kusoma aweze kumfundisha mtoto mwenziwe mchezo huo ninyi mkiwa hampo.