Amana ya Herufi

Katika Shituru, mojawapo ya komini nne za mji wa Likasi, kiwanda kilianza mwaka 1929 kuitenga shaba na maji ya asidi kwa nguvu ya umeme, chembe ikifuata chembe, hata bamba likavaa madini safi. Na kwa elimu iyo hiyo mafundi wa uchapaji wa karne ya 19 walikuwa wamekwisha kuzivika herufi shaba ndani ya maji, wakapata kalibu iliyoshika kila mkunjo wa herufi hizo. Leo kijana wa Shituru aketiye mbele ya kompyuta ya Linux hana kalibu. Ana skrini iliyogawanywa miraba midogo isiyosogea, na herufi iliyochorwa kwa mikunjo laini haina budi kuingia humo. Hapo huzuka suala ninaloliona kuwa la dini na falsafa kabla ya kuwa la ufundi: mwenye kuigeuza sura ya herufi ili isomeke, je, ameitunza amana au ameifanyia hiana?

Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, aliipima kila herufi ya Kiarabu kwa nukta ya kalamu iliyoiandika, na duara akalipima kwa alifu. Kwake herufi haikuwa wino bali nisba. Kalamu ikinenepa, nukta hunenepa nayo, na nisba husalimika. Miraba ya skrini haina adabu hiyo, kwani kipimo chake kimewekwa kabla ya herufi kufika.

FreeType, programu iliyoanzishwa na David Turner mwaka 1996 na ambayo ndiyo izichorayo herufi katika Linux, ina njia kadhaa, na hapa nazilinganisha mbili. Ya kwanza huilazimisha mistari yote ifuate miraba, herufi zikatoka kali lakini mapana yake yakapotoka. Na sehemu ya njia hiyo ilizuiwa kwa hataza za Apple hadi mwaka 2010, jambo linalonisikitisha, maana kusoma ni haki ya kila mja. Ya pili, ambayo mipangilio ya fontconfig, programu ya kuchagulia fonti, huiita hintslight, husogeza kwenda juu na chini tu, mstari wa chini ukaketi sawa, mapana yakabaki kama fundi alivyoyachora, na kingo zikalainishwa kwa rangi ya kijivu.

Mimi naishika ya pili, kwa kuwa nisba ya herufi hukaa zaidi katika mapana na nafasi, na aliyeyahifadhi hayo amehifadhi dhati. Nakiri kwamba katika skrini duni kijivu hicho huonekana kama ukungu, na jicho lililochoka nalo lina haki yake. Mwenye jicho hilo na achukue ya kwanza pasipo lawama.

Hiana iliyo kubwa ni kuikosesha herufi mahali kabisa, kama msomaji wa Kilingala anapokuta kisanduku kitupu palipopasa kuwa na ɛ au ɔ. Basi wewe unayeitengeneza kompyuta ya shule au ya ofisi huko Likasi, weka kwanza fonti za DejaVu au Noto, zilizo na herufi hizo, ndipo uchague hintslight.