Ahadi Isiyoweza Kuvunjwa

Je, maelezo ambayo hayawezi kukosea ni maelezo ya kuaminika? Swali hili linasikika kama la mtihani wa falsafa, lakini mimi nimelipata kazini, na kazi yenyewe haina falsafa hata kidogo. Huwa naandika maelezo ya matumizi ya programu. Kampuni ndogo inanitafuta, inanipa wiki mbili, naandika jinsi mfumo wao unavyotumika, nalipwa, tunaachana. Siku hizi, kabla hata hatujaongea bei, wengi wananiuliza: kwani hii kitu si inaweza kujiandika yenyewe?

Inaweza. Na hapo ndipo swali langu linapoanzia.

Wacha nieleze kwa wale ambao hawajawahi kuingia jikoni mwa programu. API ni dirisha. Fikiria ofisi ambayo huruhusiwi kuingia ndani, lakini kuna dirisha dogo: unapitisha fomu, wao wanafanya wanayoyafanya huko ndani, unarudishiwa jibu. Programu mbili huongea hivyo hivyo. Programu ya duka lako ikitaka kumtoza mteja kupitia M-Pesa, haiingii ndani ya mitambo ya Safaricom. Inabisha kwenye dirisha linaloitwa Daraja, inapitisha nambari ya simu na kiasi cha pesa, halafu inangoja jibu. Maelezo ya matumizi ni lile tangazo lililobandikwa kando ya dirisha: leta fomu gani, ijaze vipi, jibu likija na nambari hii maana yake ni nini.

Wazo la kuiachia mashine iandike tangazo hilo si geni. Lugha ya Java ilipotoka katikati ya miaka ya 1990, ilikuja na Javadoc, chombo kinachosoma msimbo pamoja na vidokezo vya mwandishi wake na kutoa kurasa za maelezo. Kwa API za wavuti, jina kubwa lilikuwa Swagger, iliyoanzishwa na Tony Tam mwanzoni mwa miaka ya 2010 akiwa Wordnik, kampuni ya kamusi ya mtandaoni. Mwaka 2015 kanuni zake zilikabidhiwa kundi lililo chini ya Linux Foundation, na leo zinaitwa OpenAPI. Kisha mwaka 2018 ikaja FastAPI, ya lugha ya Python, ambayo hata huhitaji kuiomba. Andika msimbo wako, onyesha kila kitu ni cha aina gani, fungua anwani ya seva yako uongeze /docs mwishoni. Utakuta ukurasa mzima umeshajipanga: kila dirisha lipo, kila fomu ipo, hata kitufe cha kujaribu kipo. Kazi ya dakika tano. Mimi ningehitaji siku nne.

Sina nia ya kuidharau kazi hiyo. Anayeidharau hajawahi kutegemea maelezo yaliyoandikwa na binadamu kisha yakasahaulika. Msimbo hubadilika kila wiki. Mtu anaongeza sehemu mpya kwenye fomu, anasema ataiandika Jumatatu, na hiyo Jumatatu haifiki. Miezi sita baadaye tangazo linasema leta nakala mbili, na dirishani wanataka tatu. Mashine haina ugonjwa huo. Msimbo ukibadilika, ukurasa nao unabadilika. Vinatembea pamoja kama mtu na kivuli chake.

Lakini kivuli hakiwezi kumshtaki mwenye nacho. Hilo ndilo linalonisumbua.

Mwanafalsafa Mwingereza Elizabeth Anscombe, katika kitabu chake Intention cha mwaka 1957, alitoa mfano unaonisaidia kulieleza. Mwanamume anazunguka mjini na orodha ya vitu vya kununua aliyopewa na mkewe. Nyuma yake kuna mpelelezi anayemfuata, akiandika kila anachonunua. Mwisho wa safari kuna orodha mbili, na huenda zikafanana neno kwa neno. Hata hivyo, si kitu kimoja. Tuseme, kwa mfano wa huku kwetu, orodha ya mke ilisema unga wa ngano na mume amerudi na wa mahindi. Aliyekosea ni mume. Hawezi kuchukua kalamu, akafuta "ngano", akaandika "mahindi", akasema mambo sasa yako sawa. Lakini kama ni mpelelezi aliyeandika "ngano" na kwenye mfuko mna mahindi, aliyekosea ni mpelelezi, na kwake kalamu inatosha kabisa kurekebisha.

Maelezo yanayotolewa na mashine kutoka kwenye msimbo ni daftari la mpelelezi. Yanafuata nyuma na kuandika kilichofanyika. Siku msimbo ukikosea, mashine itaandika kosa hilo kwa mwandiko safi na kulipa kitufe cha kujaribu.

Chukua mfano. Kampuni inawaambia wateja wake kwamba kila jibu la malipo litabeba nambari ya risiti. Ijumaa jioni mwanaprogramu mmoja anapanga upya msimbo, na ile sehemu ya risiti inaponyoka bila yeye kugundua. Kama kuna tangazo lililoandikwa na mtu, Jumatatu mteja atapiga simu: mlisema kutakuwa na risiti, iko wapi? Kama tangazo linajiandika lenyewe, Jumatatu mteja atafungua ukurasa na kukuta risiti haipo hata kwenye maelezo. Hakuna aliyedanganya. Ushahidi tu ndio umeondoka. Utaniambia historia ya msimbo imehifadhiwa. Ndiyo, imehifadhiwa ndani, kwa walio ndani. Aliye nje anaona ukurasa wa leo tu.

Kila anayepanda matatu analijua jambo hili hata kama hajawahi kusikia neno API. Kibao kwenye kioo kinasema 50. Mvua ikinyesha, konda anasema 80. Abiria wanapiga kelele, wanaonyesha kibao. Mara nyingi wataishia kulipa hiyo 80, kwa sababu kuna matope na usiku unaingia, lakini angalau wana kitu cha kuonyesha. Sasa fikiria kibao cha kisasa kinachosikiliza mdomo wa konda na kubadilika papo hapo. Akisema 80, kinaandika 80. Akisema 120, kinaandika 120. Kibao hicho hakitasema uongo hata siku moja. Lakini abiria hatakuwa na la kumwonyesha konda.

Wazee walisema ahadi ni deni. Deni ni deni kwa sababu mtu anaweza kukosa kulilipa, na akikosa kuna wa kumdai. Ahadi inayojirekebisha ili ifanane na tendo haiwezi kuvunjwa, na kwa sababu hiyo hiyo haimfungi mtu yeyote. Ni habari tu. Habari ina kazi yake, lakini tusiiite ahadi.

Ndiyo maana naona kuna jambo la kutafakari katika kuzaliwa kwa Swagger ndani ya kampuni ya kamusi. Kamusi nzuri huwafuata wasemaji. Watu wakianza kulitumia neno kwa maana nyingine, kamusi inabadilika, na hakuna anayeenda mahakamani. Njia hiyo inafaa kwa lugha kwa sababu lugha haikumwahidi mtu kitu. Kampuni inayoshika pesa za watu, ama matokeo yao ya hospitali, haiko katika hali hiyo.

Halafu kuna yale ambayo ukurasa hausemi hata ukiwa sahihi kabisa. Mashine itakuambia kwamba sehemu ya kiasi cha pesa inataka nambari kamili. Sawa. Ni shilingi ama senti? Kuna mifumo ya malipo inayohesabu kwa shilingi na mingine kwa senti, na kwa macho ya mashine 1500 ni 1500. Tofauti yake kwa mteja ni kulipa shilingi 1500 ama shilingi 15. Ama chukua FastAPI yenyewe: kwa kawaida ukurasa wake huonyesha jibu la 200, yaani mambo sawa, na jibu la 422, yaani fomu umeijaza vibaya. Kama ndani ya msimbo umesema kwamba mteja asipopatikana irudi 404, jibu hilo halitaonekana kwenye ukurasa mpaka wewe mwenyewe ulitangaze. Kumbe hata mashine inangoja mtu aseme. Na makosa ndiyo msomaji anayahitaji zaidi, kwa sababu mambo yakienda sawa hakuna anayesoma maelezo.

Nani anaumia na ukimya huu? Si aliye ndani. Yeye anageuka kwenye kiti na kumuuliza jirani: hii ni shilingi ama senti? Anajibiwa, anaendelea. Anayeumia ni yule asiye na wa kumuuliza. Na hapa naongea juu ya watu kama mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kutosha. Sikuwa na mhadhiri, sikuwa na mwenzangu wa darasa, sikuwa na mkubwa wa kazi. Nilichokuwa nacho ni bando na kurasa zilizoandikwa na watu nisiowajua, walio nchi nisizozijua. Aliyekuwa ameandika "usitume ombi hili mara mbili" alinisaidia. Aliyeongeza "kwa sababu mteja atatozwa mara mbili" alinifundisha. Hilo neno "kwa sababu" ndilo lililokuwa chuo changu. Halimo kwenye msimbo, kwa hivyo hakuna mashine inayoweza kulichota kutoka humo.

Watu husema kuuliza si ujinga, na ni kweli, lakini kuuliza kunataka uwe karibu na mwenye jibu. Maelezo ya matumizi ni jibu linalowekwa njiani mapema, kwa ajili ya mtu ambaye hatawahi kukufikia. Kwa hiyo kumwandikia naliona kuwa jambo la haki kabla ya kuwa jambo la ufundi. Umeweka dirisha, umemfungia mlango, umemwambia apitishe pesa zake hapo. Una deni la kumweleza.

Najua kuna atakayesema: huyu anatetea ugali wake. Ndiyo, ni ugali wangu. Sifichi. Lakini fundi wa breki akikuambia breki zako zimeisha, huwezi kumjibu kwamba anasema hivyo kwa sababu anauza breki. Unainama unaangalia. Basi tuangalie. Siku hizi kuna mashine za kisasa zaidi ambazo hazikomei kwenye aina za data; zinausoma msimbo na kukutungia sentensi laini kuhusu makusudi yake. Zinaandika vizuri, wakati mwingine vizuri kuniliko. Lakini makusudi hayo zimeyakisia kutokana na kilichofanyika. Ni kama mpelelezi amemfuata mume sokoni siku nzima, akaona anachonunua, halafu jioni akaketi kuandika orodha ya mke.

Sisemi turudi kwenye kuandika kila kitu kwa mkono. Huko tulitoka na tunajua kulivyokuwa. Ninachosema ni kwamba tumeipa mashine nafasi ya mtu mwingine. Mambo yanaweza kupangwa kinyume: watu wakae kwanza, waandike dirisha litaahidi nini, kabla msimbo haujaandikwa. Kanuni za OpenAPI zinaruhusu hivyo, na wako wanaofanya hivyo. Halafu mashine ipewe kazi inayoiweza kuliko sisi, yaani kulinganisha. Vyombo vipo vinavyochukua maelezo yaliyoandikwa, vikabisha kila dirisha, na kuangalia kama jibu linalingana na neno lililotolewa. Lisipolingana, toleo jipya linazuiwa. Mashine ni ile ile, umeme ni ule ule. Kilichobadilika ni nani anamfuata nani. Msimbo sasa ndio unaoulizwa maswali.

Njia hii ina gharama. Inachukua muda, na inamtaka mtu aseme jambo ambalo kesho linaweza kumbana. Nadhani hiyo ndiyo sababu halisi ya watu kukimbilia ukurasa unaojiandika. Uvivu upo, lakini zaidi ya uvivu kuna raha ya kutodaiwa.

Kwa hiyo kama una API, fungua ukurasa wake leo na utafute kitu kimoja tu: sentensi ambayo msimbo wako unaweza kuivunja. Tutakupa notisi ya siku 90 kabla ya kubadilisha fomu hii. Kiasi ni kwa shilingi. Ombi likirudiwa, mteja hatatozwa tena. Kama huoni hata sentensi moja ya namna hiyo, basi una ukurasa mzuri, lakini bado hujamwahidi mtu kitu.