Hofu ya Gereza Haikumtengeneza Mtoto

Mtoto akianza kudokoa pesa nyumbani na kurudi usiku wa manane, wazazi wengi huwaza kumtia hofu. Wengine humpeleka kituo cha polisi na kuomba alazwe mahabusu usiku mmoja, ashike adabu. Mimi nami ni mzazi, na siku ya hasira naweza kuifuata njia hiyohiyo. Ndiyo maana naomba tujifunze kwa yaliyotokea Rahway.

Mwaka 1976, wafungwa wa maisha katika gereza la Rahway, jimbo la New Jersey, Marekani, walianza kupokea vijana watukutu. Waliwafokea, wakawatukana, wakawaeleza bila kuficha jinsi wanyonge wanavyopigwa na kubakwa humo ndani. Nia yao ilikuwa njema: hawakutaka watoto wawafuate. Mwaka 1978 ikatoka filamu, Scared Straight!, iliyoonyesha vijana 17 wakiingia kwa jeuri na kutoka wamenywea. Mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Oscar, na majimbo mengine yakaiga mpango huo.

Msingi wake ulikuwa nadharia ya siku nyingi: kwamba mtu hupima faida na adhabu kabla ya kutenda kosa, hivyo adhabu ikimtisha ataacha. Cesare Beccaria wa Italia aliieleza mwaka 1764. Lakini Beccaria huyohuyo alisisitiza kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa kuadhibiwa, kuliko ukali wa adhabu. Hiyo ni dalili ya kwanza iliyopuuzwa.

Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mwaka 1967, idara ya magereza ya jimbo la Michigan iligawanya vijana 60 kwa bahati nasibu. Baadhi walitembezwa gerezani, wengine hawakupelekwa. Baadaye, asilimia 43 ya waliotembezwa waliingia tena matatani, ilhali kwa wenzao ilikuwa asilimia 17. Taarifa hiyo ilibaki ndani ya makabrasha ya serikali.

Ya tatu ilikuwa wazi mbele ya kila mtazamaji. Filamu haikuonyesha vijana wa aina ileile ambao hawakupelekwa Rahway. Bila hao, ungejuaje kwamba ni gereza lililowabadilisha wale 17? Machozi ya siku moja yalihesabiwa kuwa toba.

James Finckenauer wa Chuo Kikuu cha Rutgers aliamua kulinganisha. Alifuatilia vijana 46 waliopelekwa Rahway na 35 ambao hawakupelekwa. Ndani ya miezi sita, asilimia 41 ya waliopelekwa walikuwa wametenda kosa jipya. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 11 tu. Baadaye wachambuzi walikusanya majaribio tisa ya aina hiyo, na matokeo yakaelekea kulekule: kutisha kulidhuru kuliko kutofanya lolote.

Kwa nini? Edwin Sutherland, mwanasosholojia wa Marekani, alifundisha kwamba uhalifu hujifunzwa, tena kwa watu wa karibu. Tukilikubali hilo, basi kumweka kijana mbele ya mhalifu mwenye sauti kubwa, huku wenzake wakimtazama, kunaweza kumpa mtu wa kumuiga na sababu ya kuonyesha kwamba haogopi.

Ndugu wazazi, ni kweli samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini tusimkabidhi mtoto kwa wageni wamkunje kwa vitisho. Tuangalie anatembea na nani, pesa zimetoka wapi, na kwa nini ameanza kukwepa shule. Tuketi naye mapema, na tukimwonya tutimize tulichosema. Na mtu akituletea dawa ya kurekebisha vijana, tumuulize: wale ambao hawakuipata wamekuwaje? Akikosa jibu, tusimpe watoto wetu, hata kama maneno yake yametutoa machozi.