Azimio la Petro

Soma Mathayo 26:31–41, 69–75. Je, Petro alikuwa mnafiki alipoahidi kufa pamoja na Bwana wake?

Wengi wetu humhukumu haraka. Lakini usiku ule ule Petro alichomoa upanga mbele ya kundi lenye silaha (Yohana 18:10). Mnafiki hafanyi hivyo. Nia alikuwa nayo, na ujasiri alikuwa nao. Ndiyo maana anguko lake linapaswa kututia hofu sisi tunaotegemea maazimio yetu.

Tazama yaliyotokea kabla jogoo hajawika. Alipoahidi, alikuwa kati ya wenzake, karibu na Yesu. Gethsemane aliambiwa akeshe na kuomba, akalala. Kisha akafuata kwa mbali, akasimama kuota moto pamoja na watumishi wa adui (Yohana 18:18). Kijakazi alimkuta amechoka, ana baridi, hana mwenzake wa kumtia moyo. Deni alilolikopa saa ya nguvu lilidaiwa saa ya udhaifu.

Katika miaka ya 1960 kanisa letu lilijulikana katika nchi nyingi kwa Mpango wa Siku Tano wa kuacha sigara, ulioanzishwa na daktari J. Wayne McFarland na mchungaji Elman Folkenberg. Washiriki walifundishwa kusema kwamba wamechagua kutovuta; nia haikudharauliwa. Lakini hawakuachwa na nia tu. Walikutana siku tano mfululizo. Walikunywa maji mengi. Baada ya chakula walitoka kutembea badala ya kukaa kwenye kiti walichozoea kuvutia. Walikuwa na mwenzi wa kumwita hamu ilipozidi, na walihimizwa kumwomba Mungu msaada.

Wengine watauliza: kuhitaji rafiki, na hata kuhama kiti, si upungufu wa imani? Sidhani. Danieli naye aliazimu moyoni mwake (Danieli 1:8), lakini mara akaenda kuzungumza na mkuu wa matowashi, kisha na msimamizi, akaomba ajaribiwe siku 10, akiwa na wenzake watatu. Petro hakuomba kitu, hata pale alipoamriwa kuomba. Kwake, kuazimia kulikuwa ndiyo kazi yote. Aliyeomba ni Yesu, naye alimwombea Petro kabla hajaanguka (Luka 22:32).

Soma Yohana 21:9, 15–17. Hapa tena pana moto wa makaa. Petro anaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana. Safari hii haahidi lolote. Anajibu tu kwamba Bwana mwenyewe anajua.

Tafakari: Ni azimio gani umelirudia mwaka hadi mwaka? Unapolivunja, huwa ni saa ngapi, uko wapi, na uko pamoja na nani? Ni nani katika kundi lako anayejua jambo hilo?