Dhana ya Kazi Bora na Wajibu wa Mhakiki

Katika uhakiki wa fasihi, sifa ya "kazi bora" aghalabu hutolewa kana kwamba yajieleza yenyewe. Historia ya dhana hiyo yaonyesha vinginevyo. Neno la Kiingereza masterpiece, lililoanza kutumika mwanzoni mwa karne ya 17, lilifuata mfano wa Meisterstück la Kijerumani na meesterstuk la Kidachi. Maneno hayo yalikuwa ya karakana, si ya washairi.

Katika miji mingi ya Ulaya, mwanagenzi aliyehitimu na kufanya kazi ya ujira kwa muda hakuruhusiwa kufungua karakana yake mpaka atengeneze kazi ya mtihani na kuiweka mbele ya mabingwa wa chama cha mafundi. Huko Nuremberg, katika karne ya 16, sonara alidaiwa kikombe cha umbo la ua, pete ya dhahabu yenye kito, na muhuri uliochongwa. Kimsingi, basi, kazi hiyo haikuwa kilele cha maisha ya fundi, bali mlango wa kuingilia.

Hata hivyo, mlango huo haukuwa wa haki kwa wote. Aghalabu wana wa mabingwa waliwekewa masharti mepesi, gharama ziliwazuia maskini, na wakaguzi walikuwa washindani watarajiwa wa mkaguliwa. Ufaransa ilivifuta vyama hivyo mwaka 1791.

Neno likasalia, baraza likatoweka. Hapa ndipo linapozuka swali la kimaadili: atoaye hukumu sasa anawajibika kwa nani? Bingwa aliweza kuulizwa ni kiungo kipi kilicholegea. Mhakiki huweza kusifu au kubeza bila kuulizwa lolote.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wosia wa mama kwa bintiye. Haukutungwa ili kumpatia mtunzi cheo mbele ya mabingwa. Kuuita bora bila kuonyesha jinsi vina, mizani na wosia vinavyobebana ni kuusifu bila kuusoma. Kuutenga kwa kipimo kilichochongwa kwingine nako ni kurudia dhuluma ya karakana.

Hapana budi, kwa hivyo, mhakiki arithi kutoka kwa mabingwa wale wajibu wa kukishika kitu na kukikagua, aache wivu wao. Atamkaye "kazi bora" ataje kipimo chake waziwazi, ili msomaji mwingine aweze kukipinga.